Kisusi na Kofia: Historia ya Hewa Chini ya Paa la Nyumba ya Pwani

Katika kamusi za Kiswahili zilizoandikwa na wamisionari wa Unguja katika karne ya 19 limo neno ambalo wasemaji wengi wa leo hawalitumii tena: kisusi. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na kuchapa kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili mwaka 1870, alilikuta neno hilo likiwa hai vinywani mwa wajenzi. Paa la nyumba ya miti na udongo, kwa mujibu wa maelezo yaliyoanzia kwake na kuendelezwa na waandishi wa kamusi waliomfuata, lilikuwa na sehemu nne. Kulikuwa na kipaa cha mbele na kipaa cha nyuma, yaani miteremko miwili mikubwa iliyokutana juu. Na kulikuwa na visusi viwili, yaani vipaa vidogo vya ncha mbili za nyumba. Visusi havikufika kileleni. Vilipanda hadi chini ya vile vipaa vikubwa, vikaishia ndani yake, na kuacha uwazi ambapo moshi ulipata kutoka.

Uwazi huo ndio unaoshughulikiwa katika mhadhara huu. Ulifanya kazi mbili: kutoa moshi na kutoa joto. Kamusi zilisajili kazi ya kwanza, nayo ya pili ikabaki mikononi mwa mafundi bila kutamkwa. Jiko lilipohamishwa nje ya nyumba, sababu iliyokuwa na maneno iliondoka, na uwazi ukaondoka pamoja nayo. Hayo yalitokea katika kipindi kilekile ambacho makuti yalikuwa yakiipisha bati, yaani wakati ambapo nyumba ya pwani ilihitaji kupumua kuliko ilivyowahi kuhitaji.

Ni vema kwanza kulitazama paa lenyewe. Nguzo zilichimbiwa ardhini, na juu yake ukalazwa mti mrefu uitwao mtambaapanya. Jina hilo linaonesha kwamba aliyelitunga alikuwa amekwisha kulala ndani ya nyumba ya aina hiyo na kusikiliza kinachopita usiku. Kutoka hapo makombamoyo, yaani miti iliyonyooka ya paa, yaliegemezwa hadi kwenye mwamba wa juu, na fito zikafungwa kwa kamba kukatiza makombamoyo hayo. Kisha yakaezekwa makuti ya viungo, ambayo ni majani ya mnazi yaliyokunjwa na kushonwa kwenye kijiti. Hayo ni tofauti na makuti ya kumba, yaliyosukwa kwa ajili ya viambaza na nyua. Uezekaji ulianzia chini ukapanda juu, kila safu ikilala juu ya iliyotangulia, ili maji ya masika yateremke bila kupata mlango. Upenu ulishuka chini sana, wakati mwingine hata mgeni akalazimika kuinama kabla ya kufika barazani.

Kati ya ukuta na paa palibaki mwanya. Hewa iliingia hapo, na pia mlangoni na katika nyufa za ukuta. Ikapata joto la watu na la meko, ikawa nyepesi, ikapanda, ikatoka kwa juu kwenye visusi. Nguvu ya mwendo huo hutegemea mambo mawili: tofauti ya joto baina ya ndani na nje, na umbali wa kwenda juu baina ya tundu la kuingilia na tundu la kutokea. Kwa hiyo tundu la kutokea likiwa karibu na kilele hufaa kuliko likiwa katikati ya ukuta. Upepo nao husaidia. Kaskazi au kusi inapopita juu ya mgongo wa paa huongeza mwendo pale juu na kuacha mvuto upande wa pili, na mvuto huo huifyonza hewa ya ndani. Ubora wa kisusi ulikuwa katika mahali kilipowekwa: juu kadiri inavyowezekana, lakini chini ya ukingo wa vipaa vikubwa, hivyo mvua haikupata kuingia kwa urahisi. Yeyote aliyejaribu kutoboa tundu kwenye paa na kulizuia lisivuje atakubali kwamba hilo si jambo dogo.

Wapo wanaopenda kuhusisha nomino paa na kitenzi kupaa, na kudai kwamba lugha yenyewe ilikwisha kulitambua paa kuwa mahali pa kupanda, moshi na hewa vikiwamo. Dai hilo linavutia, lakini kufanana kwa maumbo si ushahidi wa asili moja, na Kiswahili kina paa mwingine anayekimbia porini. Hoja ya mhadhara huu haihitaji msaada wa aina hiyo.

Nyumba ya makuti haikuwa nyumba pekee ya pwani. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliandika juu ya mji mzuri, na katika nakala mojawapo ya habari zake nyumba zinaelezwa kuwa za miti na zilizoezekwa kwa majani. Haya ni katika mji uleule uliokuwa na msikiti mkubwa wa mawe, na uliopata jumba la Husuni Kubwa katika karne hiyohiyo ya 14. Aina mbili za ujenzi ziliishi pamoja tangu zamani. Nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa ilifunikwa kwa boriti za mikoko zilizolazwa karibukaribu, na juu yake likashindiliwa tabaka nene la kokoto na chokaa. Urefu wa boriti ndio uliopima chumba: upana haukuzidi sana mita 3, hata mwenye nyumba awe tajiri namna gani.

Tabaka hilo la juu liliitwa sakafu, na hapa historia ya neno inasema jambo la kweli kuhusu nyumba. Kwa Kiarabu, saqf ni paa au dari. Kwa Kiswahili neno hilo limeshuka hadi miguuni, kwa sababu paa bapa la nyumba ya ghorofa ni pa kukanyagwa na mwenye kuishi juu yake, na mbinu ya ujenzi ni ileile. Dari nalo lilipita njia kama hiyo: mara paa bapa, mara ghorofa ya juu, mara kitu kinachotazamwa kutoka chini ukiwa umelala. Chini ya paa bapa hapakuwa na nafasi ya hewa ya kuzungumziwa. Unene wa chokaa ndio uliochelewesha joto la mchana, ukalitoa usiku, wakati ambao pengine halikutakiwa.

Watu wa Lamu walipata ufumbuzi ambao haujasifiwa vya kutosha. Juu ya paa bapa la nyumba nyingi za mawe waliinua paa jingine la makuti, wazi pembeni, likakaa kama mwavuli. Jua lilipiga makuti, na chini ya makuti upepo ulipita. Sakafu ya chokaa ikabaki kivulini, mvua isiifikie. Wanawake walipika na kupumzika huko juu, na upepo wa bahari ukiwafikia bila kupita vichochoroni. Kwa lugha ya wahandisi wa leo, hilo ni paa la matabaka mawili lenye nafasi ya hewa katikati. Kwa Waamu ilikuwa ni nyumba tu. Mji huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na mapaa hayo ya makuti ni sehemu ya sura yake inayotambulika hata kutoka baharini.

Kuna jambo la pembeni linalostahili kutajwa kuhusu Steere mwenyewe. Mtu huyu aliyeandika habari za paa la makuti ndiye aliyesimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini, lililoanzwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa. Paa lake ni tao refu la zege, lililochanganywa kwa matumbawe yaliyopondwa na saruji ya kutoka Uingereza, na wengi walidhani lingeanguka. Halikuanguka. Steere alifariki mwaka 1882 na amezikwa humo. Alichochagua kujenga hakikufanana na alichokisajili, na si yeye peke yake aliyekuwa hivyo katika zama zile.

Bati la migongo lilipewa hataza London mwaka 1829, kwa jina la mhandisi Henry Robinson Palmer. Lilikuwa jepesi, lilipangika vizuri melini, na mtu asiye bingwa aliweza kuliezeka. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 lilienea bandarini duniani kote, Unguja ikiwamo. Katika Mji Mkongwe lilipandishwa juu ya mapaa bapa yaliyokuwa yakivuja, na leo anayetazama mji huo kutoka mahali palipoinuka huona bahari ya bati lenye kutu kuliko anavyoona chokaa. Mafukara walipata bati lao kwa njia nyingine: madebe ya mafuta ya taa yalipasuliwa, yakanyooshwa kwa nyundo, yakapigiliwa misumari. Nyumba za madebe zilikuwa jambo la kawaida Dar es Salaam katika enzi ya ukoloni.

Si haki kuliandikia bati kama kwamba ni adui aliyeingia usiku. Makuti hudumu miaka michache tu, kisha ni gharama tena na kazi tena. Hushika moto upesi, na moto wa mtaa mmoja ulipita juu ya mapaa bila kuhitaji barabara. Bati hukinga maji safi ya mvua ambayo makuti huyatia rangi na uchafu. Serikali za kikoloni zililichukia paa la majani kwa hofu ya moto na panya, lakini wenyeji nao walilitaka bati kwa sababu zao wenyewe. Nyumba ya bati ilikuwa nyumba ya mtu aliyefanikiwa.

Badiliko lililokuwa na uzito zaidi kwa habari ya kisusi halikuwa la paa, bali la jiko. Nyumba iliyokuja kuitwa nyumba ya Kiswahili katika miji ya Tanganyika, yenye ukumbi katikati, vyumba kwa kila upande na baraza mbele, iliweka jiko uani, nyuma. Moshi ulihama. Jambo hilo lilikuwa la heri kwa macho na mapafu ya wapishi, ijapokuwa wajuzi wa makuti walijua kwamba moshi ulikuwa pia ukiyakausha na kuwafukuza wadudu. Tangu hapo, fundi aliyeulizwa uwazi wa juu ni wa nini hakuwa na jibu, kwa sababu jibu pekee lililokuwa limerithiwa kwa maneno lilikuwa ni moshi. Miteremko minne ya bati iliweza kuungana hadi kileleni bila pengo, na ikaungana.

Msamiati wa paa jipya ulikuja pamoja na vifaa. Kenchi imetoka katika lugha za Kihindi, ambamo jina hilo ni la mkasi, kwa kuwa mbao za kenchi hupishana kama mikono ya mkasi. Silingi bodi na fisha bodi zimetoka Kiingereza bila kubadilika sana. Kwenye mgongo, mahali ambapo bati la upande mmoja linakutana na la upande wa pili, mafundi wa Tanzania huweka kofia. Jina ni zuri, la Kiswahili, na linasema wazi kazi yake: kufunika. Hapa ndipo maneno mawili yanapokabiliana. Kisusi ni jina la sehemu iliyoishia kabla ya kilele ili kitu kitoke. Kofia ni jina la sehemu inayokaa juu ya kilele ili kitu kisiingie. Katika muda wa karibu karne moja, sehemu ya juu kabisa ya nyumba ya pwani ilibadilishwa kutoka mlango hadi kifuniko, na badiliko hilo lilipita bila mjadala kwa kuwa lugha haikuwa na neno ambalo mjadala ungelishika.

Nafasi iliyopo baina ya bati na silingi bodi ni mfano mwingine. Katika nyumba ya zamani dari lilikuwa mahali: vitu viliwekwa darini, watu walipanda darini. Nafasi ya leo ina joto kali, haina mlango, na husemwa tu kuwa ni juu ya dari. Bati linalopigwa na jua la adhuhuri laweza kupita nyuzi 60 za sentigredi. Joto hilo hupita kwenye hewa iliyofungiwa, na zaidi ya hapo humiminika moja kwa moja kama mnururisho kutoka upande wa chini wa bati hadi kwenye silingi, kama linavyohisiwa na mtu aliyeukaribia mkaa bila kuugusa.

Mwalimu Nyerere aliligusa jambo hili mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka 10 ya Azimio la Arusha. Alieleza mapenzi ya watu kwa saruji na bati kuwa ni aina ya kupooza kwa akili, akasema kwamba bati si kitu mbele ya vigae, na kwamba saruji ni udongo tu, ila ni udongo wa Ulaya. Lawama hiyo ilikuwa kali, na kwa sehemu ilikuwa ya haki. Hata hivyo, ilihusu nyenzo peke yake. Mjadala wa nyumba bora ulipima nyumba kwa kilichoiezeka, wala haukuuliza hewa inatokea wapi. Nyumba ya vigae iliyofungwa kileleni nayo hufungia joto.

Nchi nyingine ziliuliza swali hilo, lakini kwa sababu zake. Marekani, kiwango cha chini cha ujenzi kilichotolewa mwaka 1942 na idara ya serikali iliyodhamini mikopo ya nyumba kilitaka eneo la matundu ya darini liwe sehemu 1 kwa kila 300 za eneo la sakafu ya dari. Nyumba yenye dari la mita za mraba 90 ilihitaji matundu ya jumla ya mita ya mraba 0.3. Baadaye yakaenea matundu marefu ya kileleni, yanayofuata mgongo wote wa paa chini ya kofia iliyoinuliwa kidogo, yakisaidiana na matundu ya kwenye upenu. Shabaha kubwa ya kiwango kile ilikuwa mvuke wa majira ya baridi, unaopanda kutoka ndani na kugeuka maji kwenye mbao zilizopoa. Pwani ya Afrika Mashariki haina baridi hiyo, na hewa ya nje yenyewe imejaa unyevu. Tundu linafanana, tatizo halifanani. Anayekinukuu kiwango kile kwa nyumba ya Tanga ananukuu dawa ya ugonjwa mwingine.

Waliochunguza mapaa ya nchi za joto lenye unyevu, kama Otto Koenigsberger na Robert Lynn katika kitabu chao cha mwaka 1965, walilitazama paa zima: uso wa juu unaorudisha mionzi, dari, na hewa ya katikati. Hapo ndipo sifa za kisusi zinapopaswa kuwekewa mipaka. Chini ya makuti, upande wa ndani wa paa haukupata moto sana, hivyo uwazi wa juu ulitosha kutoa joto dogo lililobaki pamoja na moshi. Chini ya bati uwazi pekee hautoshi, kwa kuwa huondoa hewa ya moto lakini hauzuii mnururisho. Bati jeupe au lenye kung'aa, pamoja na dari lenye kuzuia joto, hufanya kazi ambayo kisusi hakikuwahi kutakiwa kuifanya. Wanaoililia nyumba ya kale bila kupima jambo hili hawamsaidii anayelala chini ya bati usiku wa Februari.

Pingamizi zito zaidi ni la mbu. Mbu waenezao malaria huingia ndani hasa kupitia mwanya wa kati ya ukuta na paa, yaani mlango uleule wa hewa ya chini. Kuziba mwanya huo kumepunguza mbu na kuongeza joto. Na mtu aliyezidiwa na joto hukitupa chandarua. Katika kijiji cha Magoda, mkoani Tanga, watafiti walijenga nyumba za majaribio zilizoinuliwa kutoka ardhini, zenye kuta za kupitisha hewa na wavu wa kuzuia wadudu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionesha kwamba mbu walipungua na nyumba zikawa na ubaridi zaidi. Hewa na mbu, basi, vyaweza kutenganishwa, ikiwa mjenzi ameambiwa kwamba hewa ni miongoni mwa mambo anayojengea.

Jambo moja la kushangaza ni kwamba uwazi wa aina ya kisusi bado unaonekana kwa urahisi zaidi katika mahoteli ya kitalii ya pwani, Unguja na Diani, ambako paa kubwa la makuti hujengwa kwa ajili ya mgeni anayelipia kivuli na upepo. Fundi aliyelijenga hurudi jioni kwenye chumba cha bati.

Kwa wanaleksikografia, kazi iliyopo ni mahususi. Msamiati wa nyumba uliosajiliwa na Steere, Madan, Johnson na Sacleux ulikusanywa na watu waliouliza jina la kitu na kuandika matumizi waliyoyaona. Walikiona kisusi moshi ukitoka, wakaandika moshi. Usanifishaji ulioanza kwa Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 ulirithi fasili za namna hiyo, huku mahitaji ya shule na ofisi yakipewa kipaumbele. Ujenzi ukaachiwa mafundi, na mafundi wakakopa kwa wauza vifaa. Siku hizi pembetatu ya ukuta iliyo chini ya mgongo wa paa, pale inapoachwa wazi kwa matofali ya matundu au vibao vilivyoinamishwa, huitwa tu tundu la hewa, jina ambalo hutumika pia kwa tundu la chooni. Mwenye nyumba hawezi kulidai kwa fundi kwa jina lake, wala mwalimu wa ufundi hawezi kulitahini.

Lugha iliyolishusha neno sakafu kutoka juu ya kichwa hadi chini ya nyayo haishindwi kukihamisha kisusi kutoka makuti hadi bati. Fasili yake, ikiandikwa upya, italazimika kutaja mambo ambayo ile ya zamani iliyaacha: kwamba ni uwazi ulio karibu na kilele, uliokingwa na ukingo wa paa kuu ili usivuje, unaotoa hewa ya moto iliyoingilia chini, na kwamba kwa nyumba za leo hufungwa kwa wavu. Moshi utabaki humo kama maana ya kwanza, ukiwa na mwaka wake.